Dada Mwasiti, na Mkato

Kalamu niliikuta Mchikichini
ndani ya koti la mitumba, mfuko wa upande wa moyo,
nibu yake imepinda kidogo kushoto
kana kwamba aliyeitumia huko ilikotoka
alikuwa na haraka, au na hasira.
Koti nililiuza. Nani avae sufu Februari, Dar es Salaam?
Kalamu nikabaki nayo.

Wino niliupata siku hiyohiyo.
Karatasi imenichukua miezi saba.

Rimu ya gramu sabini, ile ya kutolea kopi:
niliandika "Dada Mwasiti," na mkato wake,
na kabla sijainua mkono
herufi zikaota ndevu,
M ikatoa mizizi kama kitunguu kilichosahauliwa jikoni,
nukta ya i ikatokea upande wa pili
kumsalimia sijui nani.

Daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni:
linakunywa. Linakunywa kama mchanga.
Neno likiingia jembamba linatoka limevimba.

Ile inayong'aa, ya kadi za harusi,
yenyewe hainywi kabisa.
Wino ukalala juu yake kama maji kwenye jani la mgimbi.
Nikasubiri, nikapika wali, nikarudi, nikapitisha kidole:
dada yangu akawa doa la bluu hadi ukingoni.
Kizuri chajiuza; hii ilikuwa inajitembeza.

Nikajifunza kuchagua kwa masikio kwanza.
Shika ncha, tikisa.
Ya ovyo inalalamika kama bati;
nzuri inasema neno moja kavu, inanyamaza.
Kisha macho: iinue juani mlangoni mwa duka,
ukiona mawingu ndani yake, rudisha.
Kisha ukucha. Kisha, mwenye duka akigeuka, ulimi,
pembeni tu: ikinata, itakunywa.

Na hapo bado hujahesabu masika.
Aprili hata karatasi nzuri hulainika kabatini
kama chapati iliyofunikwa ingali moto,
na pale kiganja chenye jasho kilipolala
wino unakataa kushika.
Weka kitambaa chini ya mkono. Andika alfajiri.

Kimaryo wa Mtaa wa Msimbazi aliniacha nijaribu
kila kilicholetwa dukani mwake.
Vipande alivitunza, sijui kwa nini, kwenye kopo la maziwa.
Siku moja akanimwagia vyote kauntani:
Dada Mwasiti, Dada Mwasiti, Dada Mwasiti,
thelathini na kitu, vyenye ndevu, vilivyovimba, vilivyofifia.
"Huyu Mwasiti," akasema, "hana neno la pili?"

Nikacheka. Nikanunua peni nisiyoihitaji.

Nje, kijana wa karanga akanifungia za mia tano
kwenye karatasi ya manjano.
Nilipozimaliza nikaikunjua nipanguse mikono.
Mwandiko. Leja ya stoo ya zamani:
"sukari magunia kumi na mawili, chumvi manne, baki hakuna,"
kila mkia wa herufi mkali kama sindano,
na nyuma yake peupe, hapana hata kivuli.
Mafuta ya karanga yenyewe
yalikuwa bado yanatafuta pa kuingilia.

Nikanunua leja yote iliyobaki, kurasa kumi na tisa,
kwa bei ya karanga zake zote za siku ile.
Akanitazama, akaniongezea na karanga.

Sasa ni alfajiri, Magomeni. Umeme umekatika.
Kitambaa kiko chini ya mkono.
Dada Mwasiti, na mkato.
Halikuota ndevu. Halikuvuja. Jina limekaa
kama mgeni aliyekaribishwa kiti akakikalia.
Wino unakauka polepole, unapoteza mng'ao kuanzia D,
na karatasi, ambayo sasa haina kasoro hata moja,
inanitazama.

Nibu inaegemea kushoto.
"Ile nyumba ya mama," naandika,
"niliiuza mimi."